Mbona huchangii? Ukimya wa darasani unatokea wapi

Kila darasa lina waongeaji wake na wanyamavu wake, na haipiti muda mrefu kila mtu anakuwa ashajua nani yuko upande gani, yaani mwalimu akitupa swali tu wanafunzi wenyewe wanageuza shingo kumwangalia yule yule wa siku zote. Waliobaki wanagawiwa majina: mpole, mwoga, hajiamini, hajasoma, anaringa. Ukiyasikiliza vizuri yote yanamaanisha kwamba kuna kasoro ndani ya mwanafunzi. Mi naona hapo ndo tunapoanza kupotea, kwa sababu huyo huyo anayeitwa bubu ukimkuta nje na wenzake anapiga stori mpaka wengine wanakosa nafasi, kwahiyo mdomo anao na mawazo anayo. Ukitaka kumwelewa angalia kile kipande kidogo cha muda kati ya swali la mwalimu na jibu la kwanza, maana mambo mengi yanaamuliwa hapo.

Na hicho kipande ni kidogo kweli. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyekuwa akishughulika na ufundishaji wa sayansi, alirekodi vipindi vingi na kupima mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza kabla hajarudia swali, hajamtaja mtu au hajajibu mwenyewe. Kwa wastani ilikuwa kama sekunde 1. Sekunde moja jamani! Halafu walimu walipofundishwa kusubiri angalau sekunde 3, mambo yakabadilika: majibu yakawa marefu zaidi, "sijui" zikapungua, na wanafunzi ambao walikuwa hawasikiki kabisa wakaanza kuchangia. Hakuna aliyewabadilisha tabia wale watoto. Rowe pia aliona kwamba kuna kimya cha pili ambacho kina uzito wake, kile cha baada ya mwanafunzi kujibu, kabla mwalimu hajasema lolote, kwa sababu mwalimu akiwahi kudakia basi yule aliyekuwa bado anaendelea kuwaza anakatwa katikati, na mwenzake aliyetaka kuongezea naye anajua mada imeshafungwa.

Sasa fikiria kichwani mwa mtu kunatokea nini ndani ya hiyo sekunde. Lazima alisikie swali, alielewe, atafute jibu, alitafutie maneno, ajiulize kama ni sahihi, ajiulize kama linafaa kusemwa mbele za watu, halafu ndo anyooshe mkono. Wapo wanaoruka hatua tatu hapo, wananyoosha mkono kwanza halafu wanafikiria wakishasimama (mnawajua), na wapo wanaopita hatua zote moja moja. Hawa wa pili siyo wazito wa akili, mara nyingi ndo wenye jibu lililokaa vizuri, ila wanafika wakati mlango umeshafungwa.

Na ni mbaya zaidi kwenye majadiliano ya wazi ambapo hakuna kunyoosha mkono, kila mtu anaingia anapopata upenyo. Watafiti wa mazungumzo walilinganisha lugha 10 tofauti za dunia, matokeo yakatoka 2009, wakakuta kwamba kati ya mtu mmoja kumaliza kuongea na mwingine kuanza mara nyingi inapita kama milisekunde 200 tu, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Wakati kuandaa hata neno moja tu kichwani mpaka litoke mdomoni inachukua zaidi ya milisekunde 500. Piga hesabu mwenyewe uone, maana yake anayeingia kwenye mazungumzo kwa wakati alishaanza kuandaa sentensi yake kabla mwenzake hajamaliza ya kwake. Kwa lugha uliyokua nayo hilo linakuja lenyewe, hata huhisi. Kwa lugha ya shuleni ambayo nyumbani haizungumzwi, hapo ni kimbembe, kwa sababu unasikiliza kwa lugha moja, unawaza kwa nyingine, unarudi kutafsiri, unakagua usije ukachapia, na ukiinua kichwa watu wako mada nyingine. Ni kama kusubiri kuvuka barabara ambayo magari hayaachi nafasi, unakanyaga mguu mmoja unarudi, unakanyaga unarudi. Na pale ambapo hoja yako ilihusu kitu cha dakika tano zilizopita, ukiisema sasa hivi utaonekana unawarudisha watu nyuma, kwahiyo unaimeza. Ukishameza za kutosha unaacha hata kuziandaa.

Ndo maana huwa sikubaliani na kauli kwamba mwanafunzi fulani "haelewi lugha". Wanaojifunza lugha mpya karibu wote wanaelewa mengi kuliko wanayoweza kuyasema, na wapo wanaokaa kipindi kirefu wakisikiliza tu kabla ya kuanza kutoa maneno. Ukimpima kwa mdomo wakati huo umempima kitu kingine kabisa.

Ila tuseme muda upo na lugha siyo tatizo. Bado utakuta wanaongea wale wale. Hapa kuna kitu ambacho mi naamini ndo sababu kubwa kuliko zote na hakisemwi sana, kwamba darasa lenyewe linagawana kazi. Mwaka 1976 wanasosholojia wawili wa Marekani, David Karp na William Yoels, walichapisha walichokiona kwenye madarasa ya chuo kikuu: kwenye madarasa yenye wanafunzi chini ya 40, watu wanne watano tu walibeba kama asilimia 75 ya kuongea kote, na kwenye madarasa makubwa zaidi ya hapo, wawili watatu walibeba zaidi ya nusu. Waliobaki walikuwa na kazi yao pia, kuonyesha kwamba wapo: kumwangalia mwalimu, kutikisa kichwa, kuandika andika, kucheka pale panapotakiwa kuchekwa. Hakuna mkutano uliofanyika kupanga hivyo lakini kila mtu anaujua mpango, na mpango unamfaa kila mtu, kipindi kinaenda, mwalimu anapata majibu yake, wanyamavu wanapata amani yao. Hata waongeaji wenyewe wamenaswa, wengi hawaongei kwa kupenda sifa, wanaongea kwa sababu ule ukimya unawawasha kuliko wengine na wanajua wasipojibu wao hajibu mtu.

Matokeo yake ni kwamba mnyamavu akiamua siku moja kuongea hasemi tu jibu, anavunja mpango. Shingo zote zinageuka. Hilo peke yake ni gharama.

Tuje kwa wenzake sasa. Kila mwalimu anasema kuuliza si ujinga, imebandikwa hadi ukutani, na kila mwanafunzi anajua kwamba ikifika kwenye kuuliza kwenyewe habari ni nyingine. Dale Miller na Cathy McFarland walifanya jaribio wakalichapisha 1987, wakawapa wanafunzi makala iliyoandikwa makusudi isieleweke, wakawaambia asiyeelewa aende akaulize. Hakuna aliyekwenda. Na walipohojiwa, kila mmoja alidhani wenzake wameelewa kuliko yeye. Yaani mimi nikinyamaza najua nimenyamaza kwa aibu, lakini nikiona wewe umenyamaza nasema huyu kaelewa, na wewe unaniangalia mimi unasema hivyo hivyo, basi chumba kizima kimejaa watu wasioelewa na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Halafu mwalimu anauliza "tumeelewana?" darasa zima "ndiyoooo", anafunga daftari anaondoka akiwa na furaha.

Aibu nayo huwa tunaipimia vibaya. Chuo Kikuu cha Cornell kuna jaribio maarufu la mwaka 2000 ambapo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki ambaye kwa rika lao ni aibu kumvaa, Barry Manilow, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Aliyevaa alidhani karibu nusu ya watu waliiona ile fulana, kumbe walioiona ni kama robo tu. Ndivyo ilivyo na jibu lililokosewa, wewe unalikumbuka mpaka usiku kitandani na wenzako walishalisahau kabla ya kengele. Ila nisiwadanganye wanafunzi kwamba yote ni mawazo yao. Kuna madarasa watu wanachekwa kweli, kuna jina la utani linazaliwa kwenye jibu moja na linakaa miaka. Na balaa ni pande mbili, ukikosea we mjinga, ukipatia we kiherehere, unajipendekeza kwa mwalimu, unajifanya unajua. Kwa kijana wa miaka 14 ambaye wenzake ndo dunia yake yote, kunyamaza ni uamuzi wa akili kabisa, kapiga hesabu vizuri tu.

Nimesema ya wenzake, mwalimu naye asijifiche. Sinclair na Coulthard, wataalamu wa lugha wa Uingereza, mwaka 1975 walieleza umbo ambalo mazungumzo ya darasani huwa nalo: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu. Ukikaa nyuma ya darasa lolote utaliona ndani ya dakika mbili. Na swali lenyewe mara nyingi ni la kitu ambacho mwalimu anakijua tayari, kwahiyo kinachoitwa majadiliano kiukweli ni kubahatisha kilichomo kichwani mwa mwalimu. Mtu anatoa jibu lake, "hapana, mwingine", anatoa mwingine, "bado, mwingine", mpaka anapatikana aliyepatia. Sasa hapo faida ya kuongea ni nini? Ukipatia unaambiwa "vizuri" na kipindi kinaendelea, ukikosea unaachwa umesimama. Mwanafunzi anayefikiria kabla ya kusema atauona huu mchezo mapema na ataamua kutoshiriki, na simlaumu.

Kitu kidogo tu kama hicho cha baada ya jibu kina nguvu ya ajabu. Mwalimu akisema "endelea, umefikaje hapo?" kwa jibu sahihi na kwa jibu baya kwa sauti ile ile, wanafunzi wanaacha kuangalia uso wake kutafuta hukumu. Akiuliza hivyo kwenye majibu mabaya tu, wanashtukia ndani ya siku moja, na swali hilo linageuka kuwa njia ya adabu ya kusema umekosea.

Malezi nayo yanaingia hapa, na ndipo watu wengi wanaporukia kusema "hao kwao ndivyo walivyo". Taratibu. Mtafiti Susan Philips alikaa na jamii ya Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa Marekani, kwenye eneo walilotengewa la Warm Springs, jimbo la Oregon, akaandika mwaka 1972 kuhusu watoto ambao walimu wao walilalamika hawaongei. Ni kweli hawakuongea pale mwalimu alipolisimamia darasa zima na kumtaja mtu ajibu mbele ya wote. Lakini kwenye kazi za vikundi wanazoziendesha wenyewe, au pale ambapo mtoto anaweza kumfuata mwalimu mwenyewe akiwa tayari, waliongea vizuri tu. Nyumbani walizoea kujifunza kwa kutazama, kisha kujaribu kimya kimya peke yao, halafu kuonyesha wakishaweza. Shule ikawadai waanze kwa kuonyesha, tena kabla ya kuweza. Kwahiyo kilichogongana ni mipangilio miwili ya nani anaongea lini na nani anaamua, na mipangilio ya shule inaweza kubadilishwa, siyo amri ya mbinguni.

Kuna jaribio jingine la 2002 la mtafiti Heejung Kim, lililofanyika Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi wakapewa mafumbo ya kufikiri, mara wafanye kimya, mara wafanye huku wakisema kwa sauti wanachowaza. Wamarekani wenye asili ya Ulaya hawakuathirika na kuongea. Wenye asili ya Asia ya Mashariki walifanya vibaya zaidi wakiongea. Yaani hiyo kauli tunayoipenda kwamba mtu akiongea ndo anafikiri vizuri zaidi inategemea mtu.

Suala la wasichana na wanawake linataka makala yake lenyewe, nitataja moja tu ambalo linanivutia. Uchunguzi uliochapishwa 2018 uliangalia semina karibu 250 za vyuo kwenye nchi 10, ukakuta mwanaume aliyehudhuria ana uwezekano zaidi ya mara mbili na nusu wa kuuliza swali kuliko mwanamke aliyehudhuria. Pengo lilikuwa dogo pale swali la kwanza lilipotoka kwa mwanamke. Swali la kwanza tu! Linawaambia waliokaa kwamba hapa watu kama sisi nao wanaongea.

Bado zipo sababu za mtu mmoja mmoja, sizikatai. Kuna wasiopenda makelele, wanapata nguvu wakiwa peke yao na hawana tatizo lolote. Kuna wenye hofu halisi, moyo unaenda mbio, mikono inalowa, wanajua kila kitu na wakisimama kinafutika. Kuna watoto wachache ambao nyumbani wanaongea kawaida kabisa na shuleni sauti haitoki kabisa kwa miezi, hilo ni tatizo la wasiwasi linalotambulika kitabibu na linatibika, ukimchapa au kumlazimisha linazidi. Kuna mwenye sikio moja lisilosikia vizuri, ambaye mwalimu akiongea mbele anapata, ila sauti zikianza kutoka pande nne za chumba anapotea, na hakuna anayejua kwa sababu hajawahi kusema. Kuna mwenye njaa, mwenye usingizi, mwenye msiba. Na kuna ambaye hajasoma tu, tusidanganyane, huyo naye yupo.

Je, ukimya unamnyima mtu kujifunza? Hapa jibu linawashangaza wengi. Watafiti Catherine O'Connor, Sarah Michaels na Suzanne Chapin pamoja na wenzao walifuatilia majadiliano ya hesabu na matokeo yakatoka 2017: ndani ya majadiliano yaliyoendeshwa vizuri, walionyamaza hawakuonekana kujifunza pungufu kuliko walioongea. Wanasikiliza, wanabishana kimoyomoyo, wanafuata hoja. Hiyo inanipa moyo lakini nisiinyooshe kupita kiasi, kwa sababu ukimya una hasara nyingine, mwalimu hajui huyu kakwama wapi, na wenzake hawatalisikia wazo ambalo huenda ndo lingefungua mada. Na kuongea mbele za watu ni kitu cha kujifunza pia, hakiji kwa kusikiliza.

Kwahiyo mwalimu afanye nini. Njia nyingi zinazofanya kazi zinarudi kwenye yale yale, muda na hatari. Waache waandike dakika mbili kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, hapo mwepesi na mtaratibu wanafika pamoja. Kisha wazungumze wawili wawili, kisha ndo darasa zima, hii ilipendekezwa na Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1981 na sababu ya kudumu ni rahisi: mtu akishalisema wazo lake kwa jirani na jirani hakucheka, kulisema mara ya pili siyo kazi, tena anaweza kusema "sisi tulifikiria hivi" badala ya "mimi". Eric Mazur wa Harvard naye kuanzia 1991 alianza kuwapigisha kura wanafunzi wake wa fizikia, kila mmoja anachagua jibu, halafu wanabishana na jirani, halafu wanapiga tena. Hakuna anayejificha na hakuna anayeanikwa.

Kutaja majina je? Hapo watu wanagombana. Kuna utafiti wa 2013 wa Elise Dallimore na wenzake uliokuta kwamba kwenye madarasa ambayo mwalimu anataja majina mara kwa mara, wanaojitolea kujibu wenyewe wanaongezeka kadri muda unavyokwenda na wanazidi kuwa huru. Mi nakubali, ila kwa masharti: watu wawe wamepata muda wa kuwaza, wote watajwe na siyo wale wa nyuma tu, na mtu aruhusiwe kusema "nirudie baadaye" bila kununiwa. Ile ya "haya wewe unayesinzia huko, jibu!" tusiiite mbinu ya kufundisha, hiyo ni adhabu, na darasa zima linajifunza kwamba kuongea ndo adhabu yenyewe.

Kuhusu maksi za kuchangia, mimi sizipendi kama zinahesabu idadi ya mara mtu alizofungua mdomo. Unapima nani ana kasi na nani hana haya. Kama lazima ziwepo basi zihesabu na swali lililoandikwa kwenye karatasi mwisho wa kipindi, na kazi ya kwenye kikundi, na aliyeunganisha hoja za wenzake.

Mwanafunzi mwenyewe mnyamavu, kama anataka kutoka huko, asisubiri awe na hoja kubwa. Aongee mapema, vipindi vya mwanzo kabisa na mwalimu mpya, kabla kazi hazijagawanywa, hata iwe ni kuuliza "samahani, hapo mwisho umesemaje?". Na aje na swali moja ameliandika kutoka nyumbani, kwa sababu kulisoma ni rahisi kuliko kulitunga huku moyo unaenda mbio.

Halafu kuna lile kosa la upendo ambalo walimu na wanafunzi wanalifanya siku mnyamavu anapoongea. "Aaah! Leo na fulani kaongea! Mpigieni makofi!" Makofi yanapigwa, watu wanacheka kwa furaha kabisa, na yeye anatamani ardhi ipasuke maana hakuna aliyesikia alichokisema, wamesikia tu kwamba kasema. Mchukulie hoja yake kama hoja ya mtu mwingine yeyote, uliza nani anakubali na nani anapinga, mada iendelee.